Pugu Sekondari ilikuwa shule ya Kanisa kweli?

mjukuu_85:
Wakuu habari za leo. Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya marehemu babu nikakuta cheti chake, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo inaanza kuachia, juu kimeandikwa St. Francis' College, Pugu. Mimi siku zote najua Pugu Sekondari ni ya serikali. Ilikuwaje? Au ndo hao hao wa Minaki? Mwenye kujua anidadavulie.

Mzaramo halisi:
Minaki weka pembeni kabisa mkuu, ile ilikuwa ya Waanglikana, St. Andrew's, watu wanachanganya kwa sababu zipo jirani. Pugu ni ya Wakatoliki na cheti cha babu kipo sahihi. Enzi hizo Kanisa la Dar lilikuwa chini ya Wakapuchini wa Uswisi, askofu wao Edgar Maranta, ila pale shuleni waliokuwa wanaendesha ni mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ireland. Serikali iliichukua baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, pamoja na shule nyingine za madhehebu, jina la Mtakatifu Fransisko likaondoka.

tabora_boy:
Na Ukatoliki pale Pugu ni wa zamani kuliko shule yenyewe. Wabenediktini wa St. Ottilien walifungua misheni Pugu 1888, haikumaliza hata mwaka, Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, ikavamiwa, wamisionari wengine wakauawa wengine wakachukuliwa mateka.

Bibi Mwalimu:
Wanangu mbona hamjamtaja Mwalimu Nyerere jamani! Alikuwa keshafundisha St. Mary's Tabora, akaenda kusoma Edinburgh, aliporudi ndo akaanza Pugu 1953 anafundisha historia, na mwaka huo huo akachaguliwa rais wa TAA, kile chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichokuja kuwa TANU, kwa hiyo wiki yupo darasani, mambo ya chama anayafuata mjini. Julai 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 akaenda kuhutubia Umoja wa Mataifa New York, kurudi akaambiwa achague moja, ualimu au siasa, akaacha kazi mwezi ule ule, na mshahara ndo ukaishia hapo. Mimi hilo linanigusa sana, ana mke na watoto wadogo halafu anaondoka hivyo. Mkapa naye alisoma pale 1955 na 1956. Babu yako cheti chake cha mwaka gani?

mjukuu_85:
Asante sana bibi. Nimeenda kukichungulia tena, ni 1954.

Bibi Mwalimu:
Basi alimkuta Mwalimu pale pale. Usikikunje tena mwanangu, kiwekee fremu.