Mdogo wangu na kazi ya vifurushi Nairobi: aje au asije?

Salaam kwenu nyote Watanzania wa Nairobi. Mdogo wangu yuko Arusha, ana leseni ya pikipiki, na rafiki yake amemshawishi aje huku abebe vifurushi kwa hizi programu za simu. Pikipiki atapewa kwa mkopo, ila lazima atangulize fedha, na mama amekubali kuuza ng'ombe wawili. Mlio kwenye kazi hii niambieni ukweli kabla hajauza. Na je, ni kweli madereva wanagombana wao kwa wao?

Dada wa Donholm

—

Dada, shikamoo yangu kwa mama, na umwambie asubiri. Nimebeba vifurushi kwa pikipiki kwa miaka kadhaa, Luthuli, Kamukunji na Eastleigh, kabla sijahamia kwenye kanta, yaani lori dogo. Nitakueleza nilichokiona.

Nianze na huo ugomvi, maana ukiuelewa huo umeielewa kazi nzima. Mwenye duka la simu anatoka na boksi, anasema mzigo unakwenda Rongai. Wa kwanza kwenye foleni anataja bei yake, tuseme mia nne. Kabla mwenye duka hajajibu, kijana wa nyuma anapaza sauti: mia mbili na hamsini. Anapewa yeye. Wenzake wanamtukana, na siku nyingine wanamnyang'anya ufunguo. Kwa nini akubali bei ambayo haitoshi hata mafuta na chakula? Kwa sababu ya mkopo. Unalipwa kila siku, mvua inyeshe, uumwe, iwe sikukuu. Pikipiki imefungwa kifaa cha kuifuatilia, na ukichelewesha malipo wanajua umeiegesha wapi na wanakuja kuichukua, hata kama umebakiza kidogo tu umalize deni. Kijana ambaye hajafikisha rejesho la siku ikifika saa tisa alasiri anabeba kwa bei yoyote. Ndiyo maana mzigo wa jioni unabebwa kwa bei ndogo kuliko wa asubuhi, ingawa jioni barabara ya Lang'ata haipitiki.

Kwa hiyo wanaoharibu bei si watu wabaya. Wana deni la leo. Na mdogo wako atakuwa mmoja wao tangu siku ya kwanza.

Programu za simu hazimtoi kwenye hali hiyo. Huko bei inapangwa na kampuni, inakatwa asilimia, kisha mteja anakupa nyota. Muda wa kusubiri chakula jikoni ni wako, na mwendo wa kwenda kuchukua mzigo mara nyingi ni mafuta yako. Kampuni zenyewe hazina uhakika wa kudumu: Sendy ilifunga shughuli mwaka 2023, na mwisho wa mwaka huohuo Jumia ikaacha biashara ya kupeleka chakula. Waliokuwa huko walihitaji kula, wakaja kugombania mizigo ileile tuliyokuwa tukiibeba sisi. Mwaka huo ndio uliotuumiza kuliko yote niliyoendesha. Mwezi wa saba kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 211.64. Bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi. Muulize dereva yeyote hapa kama na ujira wake hupanda tarehe hiyo.

Jambo linalonitia uchungu zaidi ni ajali. Kenya ina sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, na ni sheria nzuri, lakini inamlinda mwajiriwa. Mkataba wa programu unakuita mshirika. Ukivunjika mguu pale Pangani, mshirika anachangiwa na wenzake wa steji, yaani kijiwe cha pikipiki. Nimeshika daftari la michango hiyo kwa mikono yangu, na ninajua majina ambayo hayakurudi barabarani. Akija, ajiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiseme atajiandikisha akishapata kazi.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini halimfutii Mtanzania kibali cha kazi, na hilo linashughulikiwa Nyayo House, kwenye ofisi za uhamiaji. Leseni ya kubeba vifurushi kwa pikipiki hapa ni daraja A3, kwa hiyo ile ya kwake ya kawaida asiitegemee. Programu zitamdai pia namba ya mlipakodi ya KRA na cheti cha tabia njema. Na pikipiki kuingia katikati ya jiji ni ugomvi wa siku nyingi na kaunti, asiingie kwa kufuata wenzake tu.

Sasa niseme kinachosaidia. Kuna steji ambazo wanachama wamekubaliana bei ya chini kwa kila mtaa, na asiyefikisha rejesho anakopeshwa na sanduku la steji hadi kesho yake. Hapo hakuna wa kupiga kelele kutoka nyuma, kwa sababu deni la jioni halimfukuzi. Steji ya namna hiyo haipokei mtu asiyejulikana. Lazima uletwe na mwanachama na ulipe kiingilio. Kama mdogo wako hana wa kumleta, mkopo wa pikipiki utammaliza.

Wengine watakwambia aruke pikipiki, aende malori. Kule nako dereva akilipwa kwa safari hukesha ili apate safari ya pili. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A, inakataza kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Pita Mlolongo alfajiri uangalie macho ya wanaosubiri mizani. Utingo, ambaye huku ni tanboi, mara nyingi analipwa na dereva mfukoni mwake, hata mkataba hana. Tangu treni ya SGR ianze kuleta makontena Nairobi mwaka 2018, wa njia ya Mombasa wengi walisogea njia za Namanga na Busia, na huko nako bei ikabanwa.

Kaka yenu wa Pipeline

—

Kaka wa Pipeline umesema kweli, ila niongeze upande wa sisi tunaotuma. Nauza vitenge Eastleigh. Yule wa mia mbili na hamsini simpi mzigo wangu, kwa sababu akipata mteja mwingine njiani mzigo wangu unalala kwake. Ninao wawili wa siku zote. Nawalipa zaidi, na mteja akichelewa kufungua geti nawalipa kusubiri. Wanasubiri ujumbe wa M-Pesa uingie kwenye simu yangu ndipo wanakabidhi. Ule wa kuonyeshwa kwenye simu ya mteja hawauamini. Kazi ya namna hii ipo, lakini inapatikana kwa kujulikana na wenye maduka, na kujulikana hakuhitaji pikipiki.

Vilevile tusimfiche dada jambo moja. Vifurushi vidogo sasa vingi tunaviacha kwa wakala dukani, mteja anavifuata mwenyewe kwa bei ambayo pikipiki haiwezi kuifikia. Vya mikoani tunavipeleka kwenye magari ya River Road, yanaondoka navyo usiku. Kinachobaki kwa pikipiki ni cha haraka, au cha thamani ambacho unataka mtu unayemwamini akishike.

Dada, kama mdogo wako yuko tayari kuja kushusha marobota na kupanga mizigo dukani kwangu, kwanza tukamwombee kibali, kisha aje. Atawafahamu wenye maduka jirani na vijana wa steji yetu, na hao ndio watakaoamua kama wanamleta. Pikipiki iongelewe baada ya hapo, na ikiwezekana anunue iliyotumika kwa fedha taslimu. Nitumie namba yake pembeni, nimpigie Jumapili jioni.

Mama Vitenge, Eastleigh