Mrejesho: tumerudi Lubumbashi kutoka Istanbul

Ndugu zangu, niliwauliza tuanzie wapi Istanbul tukiwa na watoto wawili na mama mkwe. Mlisema Ayasofya, ule msikiti wa kale uliokuwa kanisa, asubuhi na mapema. Aksanti sana! Watalii hupandishwa roshani ya juu, kwa tiketi. Mama alipanda taratibu na fimbo yake, akatazama lile kuba lenye upana wa mita 31 hivi, katika jengo la tangu mwaka 537, machozi yakamtoka. Mimi pia.

Na baklava jamani! Tabaka za unga nyembamba kama karatasi, pistachio za kijani katikati, shira ikamchuruzikia kitinda mimba hadi kiwiko. Duka la kwanza tulilipa ghali. Mtaa wa nyuma, nusu bei. Lokumu, zile peremende laini za Kituruki, kilo mbili, majirani wetu hapa Katuba wameshazimaliza.