Mjadala: Asiyelala shambani, afuge?

Mleta hoja (Ganda)

Salaam aleikum, ndugu zangu wa Malindi na Magarini. Naleta jambo ambalo barazani tunalizungukia tu. Mtu akipata kazi nzuri Mombasa au Nairobi, au akilipwa kiinua mgongo chake, siku hizi hununua ekari mbili tatu huku Ganda, Kakuyuni, Msabaha au ng'ambo ya mto Sabaki upande wa Mambrui. Anajenga kibanda cha mapumziko, anapanda minazi na miembe, kisha ananunua mbuzi kumi na ng'ombe wawili wa maziwa. Jumamosi yuko nao, Jumapili alasiri amesharudi zake. Siku zilizobaki mifugo ni ya kijana mmoja na majirani.

Msimamo wangu ni huu: asiyelala shambani asifuge mnyama wa kwato mpaka awe na ua unaozuia mbuzi, maji ya uhakika, na mchungaji anayelipwa mshahara wa kueleweka kila mwezi. Na nataka liwe sharti la kaunti yetu ya Kilifi, lisiachiwe hisani ya mtu. Kuku sina neno nao.

Sisemi hivi kwa kutojua utamu wa kufuga. Nafuga mwenyewe. Mbuzi akizaa alfajiri, anamlamba mwanawe mpaka manyoya yanasimama, na kile kichanga kinainuka, kinaanguka magoti, kinainuka tena, na kabla jua halijapata nguvu kimeshaipata chuchu. Watoto wangu wameyaona hayo, na upole waliojifunza hapo nisingeweza kuwatia kwa maneno. Akizaliwa mtoto wa kiume katika ukoo, mbuzi wawili wa akika wanatoka zizini, hatuendi kukopa. Na samadi! Mchanga wetu huu haushiki kitu. Mnazi uliotiwa samadi shimoni na ule uliopandwa mkavu, hata mgeni atakuonyesha upi ni upi.

Ila raha hizo zina gharama, na gharama yenyewe haiishi siku ya kununua mnyama. Ng'ombe wa kilo 400 anataka kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Ukimpa majani mabichi ya nepia, ambayo sehemu kubwa ni maji, hizo ni kilo 60 na zaidi: zifyekwe, zibebwe, zikatwekatwe, kila siku, Krismasi na Idi. Anayekamuliwa kwenye joto la Machi hunywa lita 60 na kuendelea. Maji ya bomba kutoka Baricho yakikatika, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, nani anakwenda kuchota? Kijana ni mmoja na mikono yake ni miwili. Basi kamba inafunguliwa, mifugo ikajitafutie. Na inakwenda kujitafutia kwa jirani.

Mwalimu mstaafu (Gede)

Wa aleikum salaam. Nakuheshimu, lakini hapo kwenye kaunti umeniacha.

Nilifundisha miaka mingi mbali na kwetu, nikilala nyumba za shule. Mbuzi wangu wa kwanza niliwaweka kwa mdogo wangu, nikawa nawaona likizo tu. Sharti lako lingekuwepo wakati ule, leo nisingekuwa na zizi. Kuna watu wengi wa namna yangu: wanaanza kidogo kidogo wakiwa kazini ili wakistaafu wasianze na mikono mitupu.

Pili, kumbukeni ukame ule, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Ganze na Magarini watu waliuza mifugo kwa bei ya kutupa, na wengine waliiona ikifa. Hapa kwetu waliobaki na mbegu ya mifugo ni wale wenye mshahara au pensheni, maana ndio walioweza kununua marobota ya nyasi. Beberu wangu chotara wa Toggenburg, mbuzi wa maziwa wa kizungu, amewapanda mbuzi wa majirani bila malipo, na mabinti zake wanatoa lita moja na nusu kwa siku pale ambapo mama zao walijaza kikombe. Hiyo nayo si faida ya umma?

Na tuwe wakweli. Mbuzi wanaoingia mashamba ya watu hapa Gede si wote wa watu wa Nairobi. Wengine wenyewe wanalala papo hapo na wanajua kabisa mbuzi wao wako wapi. Kwa hiyo kosa si kulala kwingine, kosa ni kuachia. Ukishaweka leseni ya kufuga, atakayesimamishwa njiani ni maskini mwenye mbuzi watatu, si mwenye gari.

Mama mkulima (Kakuyuni)

Mwalimu, nakuamkia. Maneno yako ni mazuri, lakini wewe sasa unalala na mbuzi wako, ukiitwa unatoka. Mimi jirani yangu namjua kwa sauti ya simu tu.

Nieleze mbuzi anavyofanya kwenye mihogo, maana wanaume wengi mnadhani ni majani yamepungua. Anakula kilele. Mhogo ulioliwa kilele unachipua upya, na nguvu iliyokuwa ikienda kwenye mizizi inarudi juu kutengeneza majani. Ukija kung'oa unakuta mizizi myembamba yenye nyuzi, hata kuchemka haichemki vizuri. Mhogo ni kazi ya miezi tisa hadi mwaka. Sasa mwenyewe akipigiwa simu anasema, "Mama, nitakutumia M-Pesa, mihogo mingapi?" Nihesabu mingapi? Ile ambayo ningekula Ramadhani ijayo, au mbegu ambazo ningekata nipande masika? Mikorosho michanga ndiyo usiseme, ikiguguniwa gome lote kuzunguka shina imekufa.

Tulikwenda kwa mzee wa kijiji, tukaenda kwa chifu. Aliyekuja kusimama mbele yetu ni yule kijana mchungaji, ambaye hana mbuzi wala shamba. Alitetemeka. Nilimhurumia nikarudi nyumbani bila kudai. Mwalimu, hilo ndilo linaloniuma: mwenye mali hayuko siku ya hasara. Mimi sitaki fidia, nataka mtu.

Mchungaji (Mambrui)

Shikamooni wazee wangu. Naomba nami niseme, kwa sababu kazi hii ndiyo yangu.

Bosi wangu si mtu mbaya. Anawapenda wanyama kweli, kila mmoja kampa jina. Lakini mshahara unakuja akikumbuka. Mwezi mwingine nusu, mwezi mwingine naambiwa uza maziwa ujilipe, na mnunuzi naye hajalipa. Dawa ya minyoo nikiomba Jumatatu, inafika Jumamosi nyingine pamoja naye. Mnyama hangoji Jumamosi.

Mbuzi akifa, swali la kwanza ni nimemuuzia nani. Kwa hivyo mbuzi akifa usiku siwezi kumzika tu. Namchuna kwa tochi ya simu, naiwamba ngozi pamoja na masikio yenye alama, naianika nyuma ya banda, naitunza mpaka mwenyewe aje aione. Hata aliyekufa kwa ugonjwa nisioujua namchuna hivyo hivyo, kwa mikono mitupu, maana bila ngozi mimi ni mwizi.

Mama wa Kakuyuni amesema kweli. Anayepelekwa kwa chifu ni sisi.

Tabibu wa mifugo (Malindi)

Kijana, acha kuchuna mizoga bila kinga, nakuomba sana. Kimeta kinaua binadamu, na mnyama aliyekufa ghafla akitoka damu puani au nyuma hapasuliwi kabisa. Mpige picha, piga simu, azikwe shimo refu. Na bosi wako aisome hii: hakuna ngozi yenye thamani ya maisha ya mtu.

Niseme na haya ya kazini kwangu. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006, Homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 150 nchini kufikia 2007, na pwani yetu ilikuwamo. Inaenezwa na mbu, lakini wengi huipata kwa kushika damu, kuchinja nyumbani, au kumsaidia mnyama aliyetupa mimba. Zizi likianza kutupa mimba kwa wingi wakati wa mafuriko, taarifa inatakiwa siku hiyo hiyo. Nani ataitoa kama mwenyewe yuko Nairobi na mchungaji anaogopa kuitwa mwizi?

Wanaofuga kwa kupenda pia hununua kwa macho. Wanaleta ng'ombe wa Friesian safi kutoka nyanda za juu kwa sababu ni mzuri wa picha. Akifika hapa joto linamkatisha hamu ya kula, maziwa yanashuka, dume linampanda hashiki mimba. Kupe wakimpata, ndigana kali inammaliza kwa muda mfupi, kwa sababu hana kinga ya huku. Chanjo yake ipo, hudungwa mara moja pamoja na oksitetrasaiklini, na inamkinga kwa miaka, ila haimwondolei kuogeshwa kwa sababu kupe wana magonjwa mengine. Walio karibu na msitu wa Arabuko Sokoke wana mbung'o pia, na nagana inakausha mnyama mwenyewe akidhani ni njaa. Ng'ombe chotara wa Sahiwal, jamii inayovumilia joto, atakupa maziwa kidogo kuliko ulivyoota, lakini atakuwa hai.

Kuhusu sharti la kaunti: leseni mpya siitaki, hatuna watu wa kuikagua. Lakini kibali cha kusafirisha mifugo kipo tayari kisheria. Kila mnyama anayetoka kaunti nyingine anatakiwa awe nacho. Hapo ndipo pa kushika.

Mwalimu mstaafu (Gede)

Habari ya ngozi imeninyima usingizi. Kwenye mshahara wa mchungaji nakubali liwe sharti, tena liandikwe. Mkataba wa ukurasa mmoja, mashahidi wawili, mzee wa kijiji abaki na nakala. Lakini bado sikubali mtu akatazwe kufuga kwa sababu ya anakolala.

Mleta hoja (Ganda)

Mwalimu, basi tumekaribiana. Ua sitauachia, ule mhogo wa mama haulindwi na mkataba. Lakini leseni naiondoa, nachukua njia ya tabibu: mnyama akiombewa kibali kuja huku, fomu itaje shamba anakokwenda, jina la atakayemtunza na namba ya simu ya mwenyewe, na nakala iende kwa chifu wa eneo. Maskini mwenye mbuzi watatu waliozaliwa zizini kwake haguswi na hilo. Anayeguswa ni anayeleta lori. Tukikubaliana, naandika barua kwa mwakilishi wetu wa wadi wiki hii, na atakaye kutia sahihi aseme.

Mama mkulima (Kakuyuni)

Sahihi yangu weka. Ila hapo kwenye namba ya simu rekebisha. Simu ya mwenyewe ninayo, na haijawahi kutoa mbuzi kwenye mihogo. Iandikwe namba ya mtu mzima anayeishi hapa hapa, anayeweza kufika kwa miguu nikipiga ukunga, na aliyekubali kwa mdomo wake mbele ya mzee wa kijiji kwamba hasara ikitokea ni yake na ya mwenye mifugo, si ya mchungaji.