Mtoto wa jicho: ni lazima asubiriwe akomae?

Mdau wa Majengo
Wakuu, naombeni ushauri. Bibi yupo Machame, ana miaka 70 na kitu, ana kisukari. Jicho la kulia lina ukungu, taa za magari usiku zinamtawanyikia, miwani mipya haijasaidia. Majirani wanasema asubiri mtoto wa jicho akomae, awe mweupe kabisa. Ni kweli? Hakuna matone ya kuyeyusha?

Nesi wa Macho
Mkuu, hayo ya kusubiri akomae ni ya enzi zile lenzi ya jicho, ndiyo inayoingia ukungu, ikitolewa nzima. Sasa kinachoangaliwa ni maisha ya bibi: akishindwa kuchambua mchele, kushuka ngazi au kutambua sura ya mtu, muda umefika. Lenzi ikizidi kukomaa inakuwa ngumu, kuitoa kunahitaji nguvu zaidi, na konea, kile kioo cha mbele, inaumia. Ikipitiliza inaweza kuvimba au kuvuja, presha ya jicho ikapanda ghafla: jicho jekundu, maumivu makali, kutapika. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Matone ya kuyeyusha hayapo. Tafadhali msimnunulie ya steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) dukani bila kuandikiwa. Yenyewe yanaweza kuleta mtoto wa jicho na presha ya macho.

Tabibu Arusha
Naongezea kuhusu kisukari. Mpelekeni idara ya macho KCMC, hospitali ya rufaa pale Moshi, waombeni wakague pia pazia la nyuma ya jicho, maana kama sukari imeliharibu, lenzi mpya atakayowekewa peke yake haitarudisha uoni wote. Sukari na presha ya damu zikiwa juu, upasuaji huahirishwa.

Kipimo kisichorukwa ni urefu wa jicho, ndio unaochagua namba ya lenzi. Kosa la milimita 1 tu linampotosha kwa daiopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hivi. Upasuaji wenyewe ni kwa ganzi, mara nyingi hauzidi nusu saa.

Mdau wa Majengo
Asanteni sana. Na akirudi nyumbani?

Nesi wa Macho
Matone kwa wiki 4 hadi 6, kwa ratiba atakayopewa. Yakiwa aina mbili, ziachane dakika 5, la sivyo la pili linaosha la kwanza. Mikono ioshwe kwanza, ncha ya chupa isiguse jicho. Ngao ya jicho usiku, asifikiche, asiiname moshini jikoni. Maumivu yakiongezeka au uoni ukishuka ndani ya siku chache, arudishwe mara moja, hata usiku: huenda ni maambukizi ndani ya jicho.

Ukungu ukirudi baada ya miezi au miaka, ni utando ulioshikilia lenzi ndio umeingia ukungu. Unafunguliwa kwa leza, dakika chache, bila kisu.