Je, Inuyasha anampenda Kagome, au anamtafuta Kikyo ndani yake?

Swali

Habari zenu, wapenzi wa anime, katuni za Kijapani. Nimemaliza vipindi vyote 167 vya Inuyasha, vilivyorushwa nchini Japani kati ya mwaka 2000 na 2004, na kuna jambo linaniuma. Kagome, msichana wa shule wa miaka 15, anaburutwa na pepo mwenye umbo la tandu hadi ndani ya kisima cha nyumbani kwao Tokyo, anaibukia katika zama za vita za Sengoku, na tangu hapo anahatarisha maisha yake kando ya Inuyasha, chotara wa pepo na binadamu. Pamoja na hayo yote, kila Kikyo anapopita karibu, Inuyasha humwacha Kagome amesimama na kumfuata kuhani huyo wa kike, mpenzi wake wa zamani aliyekufa kisha akafufuliwa. Ikiwa Kagome ni Kikyo aliyezaliwa upya, anapendwa yeye mwenyewe au ni sura ya Kikyo tu inayopendwa ndani yake?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, uchungu wako naufahamu, lakini tuanze na yaliyotokea miaka 50 kabla Kagome hajafika. Inuyasha na Kikyo walikuwa wamekubaliana kwamba kito cha Shikon, chenye nguvu ya kutimiza matakwa, kitumike kumfanya Inuyasha awe binadamu kamili, ili Kikyo naye aondokane na mzigo wa kukilinda na waishi pamoja. Naraku, pepo adui yao, akajigeuza sura ya Inuyasha, akamjeruhi Kikyo. Kisha akachukua sura ya Kikyo, akamshambulia Inuyasha. Kikyo, huku damu ikimtoka, alimpiga Inuyasha mshale uliomgandisha kwenye mti mtakatifu, naye akafa akiamini kwamba amesalitiwa na mtu aliyempenda. Hawa hawakuchokana wala hawakuachana, bali walitenganishwa kwa hila. Inuyasha anapomfuata Kikyo anakwenda kwa mtu aliyekufa kwa sababu yake, na mimi ningemdharau kama angempa kisogo.

Jibu la pili

Hayo ni kweli, ila hayajajibu suala la sura. Kwa maoni yangu, jibu liko katika kile ambacho kila mmoja wao anataka Inuyasha awe. Mapenzi yake na Kikyo, hata yalipokuwa matamu, yalimtaka aache kuwa chotara. Kagome hajawahi kumwekea sharti hilo.

Rudi utazame kile kipindi cha mapema cha usiku usio na mwezi, ambapo Inuyasha hupoteza nguvu zote za kipepo na nywele zake kuwa nyeusi. Siri hiyo alikuwa amemficha kila mtu, Kagome akiwemo, kwa kuwa hakuwahi kumwamini yeyote. Akiwa hoi kwa sumu, anaomba alaze kichwa mapajani mwa Kagome, na anakiri kwamba alidanganya aliposema anaichukia harufu yake. Mtu anayetafuta sura ya mwingine hasemi maneno hayo. Inuyasha anamzungumzia Kagome aliyeko mbele yake.

Naomba pia tusimfanye Kikyo adui. Mchawi Urasue ndiye aliyemfinyanga upya kwa mifupa yake na udongo wa kaburi lake, bila ridhaa yake, na mwili huo unaendeshwa na roho za wanawake waliokufa. Kagome mwenyewe analiona hilo. Anajua kwamba hawezi kuifuta kumbukumbu ya Kikyo, na hata hivyo anaamua kubaki na Inuyasha, uamuzi ambao naona ni wa kijasiri kuliko mshale wowote alioufyatua.

Jibu la tatu

Muulizaji, hukumu yako imekuja mapema kidogo. Vipindi hivyo 167 vilikoma wakati mwandishi na mchoraji wake, Rumiko Takahashi, bado anaichora hadithi hiyo ya vitabu vya katuni, aliyoianza mwaka 1996 na kuihitimisha mwaka 2008. Mwisho wake umo katika vipindi 26 vilivyorushwa kati ya 2009 na 2010, ambavyo vinakwenda mbio sana, kwa hiyo vitazame kwa utulivu. Zile filamu nne unaweza kuziruka usipoteze chochote, na Yashahime, mwendelezo wa mwaka 2020, iache mpaka umalize. Sitakuharibia utamu kwa kukusimulia hatima ya Kikyo. Angalia tu ni kitu gani Kagome anakiomba akiwa ndani ya kito, mahali ambapo kila mtu angeomba kurudi nyumbani, na ni upande upi wa kisima anaouchagua baada ya kumaliza shule.