Johnson ya zamani bila karatasi, Ujiji: umiliki unathibitishwaje?

Kasia_Kibirizi
Wakuu, habari za ziwani. Kuna mashine ya boti ya zamani, Johnson ya nguvu-farasi 25, inauzwa Ujiji. Mwenyewe alishafariki, anayeuza ni mtoto wake wa kwanza. Risiti hakuna, mkataba hakuna, na kibati cha namba pale kwenye kibano cha kufungia kimefutika nusu. Mashine inazunguka na kompresheni ipo. Je, mashine za umri huu zina hati yoyote ya umiliki? Na nikinunua, niandikishe nini ili siku ya msako nisikamatwe nayo?

Fundi_Mwaloni
Mkuu, anza na namba kabla hujagusa bei. Mashine ya boti haina kadi kama pikipiki, kwa hiyo karatasi yoyote utakayoandika itasimama kwa namba tu.

Kibati usikisugue kwa msasa wala brashi ya waya. Utafuta kilichobaki, na namba yenye mikwaruzo ya msasa ndiyo inayotiliwa shaka kwanza. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, toa grisi taratibu, acha pakauke. Pitisha chaki juu ya kibati kisha futa kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mitaro ya herufi. Mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele, ndipo upige picha.

Halafu vua kava. Johnson na dada yake Evinrude nyingi zina kizibo cha chuma cha duara kilichogongwa kwenye bloku, na namba zimechapwa juu yake. Kikisoma tofauti na kibati, usikimbilie kusema ni ya wizi: mashine za zamani hubadilishiwa bloku. Andika namba zote mbili kwenye mkataba na ueleze ipi iko wapi. Ila kizibo kikiwa kimepigwa patasi, au kibati ni kizee lakini ribiti zake zinang'aa, achana na hiyo biashara.

Pima pia maelezo ya muuzaji kwa mwaka wa mashine. Modeli nyingi za miaka ya 1970 zinaishia na tarakimu mbili za mwaka, mfano 40E75 ni ya 1975. Kuanzia 1980 walitumia herufi za neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, T 3, R 4, O 5, D 6, U 7, C 8, E 9, S 0. Ukikuta J25ECRS, ile S ya mwisho iweke kando, soma CR: ni 84, yaani 1984. Sasa mtu akikwambia marehemu aliinunua mpya mwaka 1982, hapo pana neno.

Na angalia njia za maji. Ziwa letu ni maji baridi. Ukikuta unga mweupe na vishimo vilivyolika kwenye aluminiamu, huenda mashine hiyo imewahi kufanya kazi baharini. Muulize imefikaje Kigoma.

Karani_Mwanga
Fundi kamaliza upande wa chuma. Upande wa sheria, tatizo kubwa la muuzaji wako ni kwamba kuwa mtoto wa kwanza hakumpi mamlaka ya kuuza. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, asiye na haki ya kuuza hawezi kukupa umiliki, hata kama umelipa bei kamili mbele ya mashahidi kumi. Ndugu mmoja akilalamika, mashine inarudi na wewe unabaki kumdai aliyekuuzia.

Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, dai vitu viwili. Kwanza Fomu Na. IV, ndiyo inayomteua msimamizi. Pili Fomu Na. V, orodha ya mali na madeni, ambayo msimamizi hupaswa kuiwasilisha ndani ya miezi minne. Soma kama mashine imetajwa humo. Wengi hutaja nyumba na shamba, mashine wanaisahau. Kama haimo, msimamizi akaiongeze kabla hamjauziana.

Kama mirathi haijafunguliwa, wafungue kwanza: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na maombi kwa Fomu Na. I. Muhtasari peke yake hautoshi, ingawa watu wengi huuzia huo.

Mkataba uandikwe kwa wakili: namba zote, nguvu ya mashine, hali yake, bei, namba za NIDA za pande zote, sahihi za warithi wengine kama mashahidi, na picha za namba zikiwa zimeambatishwa. Watu wanachanganya hapa: ripoti ya upotevu ya polisi inasema tu kwamba karatasi zimepotea, na kiapo ni maneno ya mwapaji. Vyote vinasaidia, lakini havimfanyi mtu kuwa mmiliki.

Nahodha_Katonga
Naongeza mawili. Kabla ya kulipa, pelekeni namba kituo cha polisi na kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi) wa mwalo alikokuwa anavulia marehemu. Wizi wa mashine ziwani unajulikana, na wavuvi wenzake ndio wanaoijua mashine yake kwa macho.

La pili, kwa wanaoangalia mashine za ng'ambo. Ya Uvira, Kalemie au Bujumbura iwe na karatasi za forodha. Uzee wa mashine haufuti ushuru. Na mwenye ndugu Marekani anayetaka kumtumia mashine kuukuu ajue kuwa Texas mashine ya boti ilikuwa ikipewa hati yake, mbali na hati ya boti. Majimbo mengi hayana utaratibu huo, huko omba mkataba wa mauzo. Ila ikitoka Texas na ina hati hiyo ya zamani, idai pia pamoja na mkataba.

Kasia_Kibirizi
Asanteni sana. Kijana anasema Fomu Na. IV ipo ila ina jina la shangazi yake. Anataka nimlipe yeye, kisha shangazi atasaini baadaye.

Karani_Mwanga
Usikubali. Shangazi asaini kwanza, na pesa iende benki au kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, siku hiyohiyo ya mkataba. Muamala ubaki na maelezo "malipo ya mashine" pamoja na namba ya mashine hiyo. Kijana asaini kama shahidi.