Watoa huduma wananinyima prosesa, kisha wananiambia ninayo ya ziada

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa ni wiki ya tatu sasa ninazungushwa na watu wanaolipwa kuelewa namba ambazo mimi nimelazimika kujifunza usiku wa manane mbele ya terminali.

Nimekodi mashine pepe ya Linux yenye prosesa pepe 2 na memori ya gigabaiti 8, na juu yake kuna hifadhidata moja na programu moja ya wavuti. Kwa muda mrefu haikunisumbua. Kisha maombi yaliyokuwa yakijibiwa papo hapo yakaanza kuchukua sekunde nne, sita, mara nyingine kumi, na kila siku balaa hilo lilianza saa moja jioni na kwisha karibu na saa nne usiku. Sikuwa nimebadilisha hata herufi moja ya programu yangu. Nilipowaandikia watoa huduma, walinitumia grafu iliyoonyesha kwamba mashine yangu inatumia prosesa kwa asilimia 60, wakaongeza kwa upole wenye kukera kwamba bado nina asilimia 40 ambayo sijaigusa, hivyo nikaangalie programu yangu.

Hapo ndipo chimbuko la hasira yangu. Ndani ya mashine, katika saa zile zile, top, amri inayoonyesha matumizi ya prosesa papo hapo, ilionyesha asilimia 60 ya kazi halisi, asilimia 4 tu ya prosesa kukaa bure, na mwishoni kabisa mwa mstari, mahali ambapo wengi hawafikishi macho, herufi mbili: st, asilimia 34. Hizo ni herufi za muda ulioibwa, yaani muda ambao mashine yangu ilikuwa na kazi mkononi na ikahitaji prosesa, lakini seva mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayobeba mashine pepe yangu na za wateja wengine, ikawa imempa mwingine zamu. Grafu yao hupimwa kutoka nje, nayo huhesabu tu muda niliopewa. Muda niliouomba nikanyimwa hauingii popote, kwa hiyo kwao unaonekana kama akiba. Ni sawa na mtu kukubania bomba, kisha akasoma mita na kukupongeza kwa kutumia maji kidogo.

Niliwaeleza hayo. Mhudumu wa pili akaniomba niendeshe vmstat, amri nyingine ya kupima matumizi ya mashine, na kumtumia matokeo. Nikamuuliza kama anataka niongeze muda wa kurudia, akajibu kwamba amri hiyo peke yake inatosha. Haitoshi hata kidogo! Amri ya vmstat isiyo na namba hutoa mstari mmoja tu, nao ni wastani tangu mashine ilipowashwa, na yangu ilikuwa haijazimwa kwa siku 211. Saa tatu mbovu za kila jioni zilizoanza juzi tu zitaonekanaje ndani ya wastani wa siku 211? Bila shaka st ilisomeka 0, na bila shaka nikaambiwa kwamba seva yao ni nzima. Siku iliyofuata nikatuma matokeo ya vmstat 5 60 (vipimo 60, kila baada ya sekunde 5) yaliyochukuliwa saa mbili usiku, nikafuta mstari wa kwanza, ambao ni wastani ule ule wa tangu kuwashwa, na kueleza kwa nini nimeufuta. Sikujibiwa kwa siku nne.

Kwa kuwa nilihofia kuambiwa kwamba vmstat imekosea, niliandika skripti fupi inayosoma faili la /proc/stat mara mbili kwa kupishana sekunde 5, ikichukua namba ya nane katika mstari wa cpu, ambayo ndiyo hesabu ya muda ulioibwa, kisha kugawa tofauti yake kwa tofauti ya jumla ya namba nane za mwanzo. Kwa jioni tatu mfululizo nilipata kati ya asilimia 31 na 38. Alfajiri ilikuwa chini ya asilimia 1. Nikiri pia jambo moja kwa haki: si kila st kubwa ni kosa la jirani, kwani kifurushi kilichowekewa kikomo cha prosesa nacho huweza kujitokeza hivyo hivyo mteja anapokivuka. Niliwauliza kwa maandishi kama changu kina kikomo. Wakajibu kwamba hakina.

Ushauri wao uliofuata ulikuwa niongeze prosesa. Nami, kwa ujinga wangu, nikalipia, nikahamia kwenye prosesa pepe 4. Hali ikabaki vile vile, na sasa najua kwamba sikupaswa kutarajia vinginevyo: prosesa pepe si kipande cha chuma, ni uzi mmoja tu unaosubiri zamu kwenye seva mwenyeji, na ikiwa prosesa halisi zimejaa, kuongeza wasubiri kwenye foleni hakuongezi wahudumu.

Kilichonifikisha hapa, hata hivyo, ni barua pepe ya juzi. Walipoona wamebanwa kwenye prosesa, wakahamia kwenye memori. Walinitumia picha kutoka seva mwenyeji ikionyesha kwamba nimetumia memori kwa asilimia 97, na kwa hiyo chanzo cha kukwama ni mimi. Ndani ya mashine, amri ya free -m inaonyesha kwamba safu ya available, yaani memori inayoweza kutumika bado, ina zaidi ya megabaiti 5,000, swapu (sehemu ya diski ya kusaidia memori inapojaa) haijaguswa, na dmesg, yaani kumbukumbu za kiini cha Linux, haina hata mstari mmoja wa programu iliyouawa kwa kukosa memori. Walichopiga picha ni rss, yaani memori ambayo mchakato wa QEMU, programu inayoiendesha mashine yangu kwenye seva mwenyeji, umeishika kwa niaba yangu. Linux hutumia memori iliyolala kuhifadhi kashe ya mafaili (nakala za kusomwa haraka), na kurasa zikishaguswa mara moja, kwa kawaida seva mwenyeji huendelea kuzihesabu kuwa zangu hata baada ya mimi kuzimaliza. Kwa hiyo mashine yoyote iliyoishi muda wa kutosha itaonekana imejaa ukiitazama kutoka nje.

Na wangeweza kujua. Amri ya virsh dommemstat, inayoendeshwa kwenye seva mwenyeji, huonyesha pia unused na usable, yaani memori isiyotumika na inayoweza kutumika, ambazo dereva wa puto (balloon) aliye ndani ya mashine huziripoti kwa seva mwenyeji, lakini takwimu hizo hazijisasishi mpaka mtu aweke kipindi cha ukusanyaji kwa kutumia --period. Matokeo waliyonitumia yalikuwa na actual (memori niliyogawiwa) na rss, na last_update, yaani wakati wa sasisho la mwisho, ilikuwa 0. Maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kuiuliza mashine yangu chochote, na bado wanazungumza kwa niaba yake.

Jana niliwaomba jambo moja tu. Katika matoleo ya karibuni ya libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, amri ya virsh domstats --vcpu hutoa kwa kila prosesa pepe namba iitwayo delay, inayohesabu kwa nanosekunde muda ambao uzi wa prosesa hiyo ulikuwa kwenye foleni ya seva mwenyeji bila kupewa zamu. Ndiyo hiyo hiyo inayonifikia mimi kama st. Waisome saa mbili usiku, waisome tena baada ya sekunde 10, watoe ya kwanza kwenye ya pili, na wanitumie jibu. Ni kazi isiyofika dakika moja. Tiketi yangu ilifungwa asubuhi ya leo ikiwa na neno moja: imetatuliwa.

Kwa hiyo naomba mliowahi kusimamia seva za KVM, teknolojia ya mashine pepe iliyomo ndani ya Linux, mnisaidie: je, kuna ushahidi mwingine ninaoweza kuukusanya kutoka ndani, zaidi ya st na faili la /proc/pressure/cpu (linaloonyesha muda ambao kazi zimesubiri prosesa), ambao hawataweza kuukwepa ninapodai nirudishiwe fedha za prosesa mbili za nyongeza? Nijibuni kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo nahamisha hifadhidata kwenda kwingine. Nitaanza saa kumi alfajiri, saa ambayo bado ninapewa prosesa ninayoilipia.